Mji Usijiuze Rahisi: Maoni Juu ya Viwanda vya Kisumu

Ndugu Wanachama,

Kila mwaka tunasikia habari ile ile. Wakubwa wa Serikali na wa Kaunti husimama jukwaani hapa Kisumu wakasema ya kwamba wenye mali wako njiani, viwanda vitajengwa, na vijana wetu watapata kazi karibu na nyumbani. Watu hupiga makofi. Mimi nami hupiga makofi, kwa sababu hakuna mtu mwenye watoto awezaye kuichukia habari ya kazi. Lakini baada ya makofi liko swali ambalo sisi wafanya kazi hatuliulizi, nalo ni hili: Tajiri huyo anakuja kwa sababu gani? Maana lile linalomleta ndilo litakaloamua kama atakaa au ataondoka.

Neno langu ni moja. Mji mdogo kama wetu hauwezi kupata viwanda vya kudumu kwa kujiuza rahisi, yaani kwa kutoa ardhi ya bure, kusamehe kodi ovyo na kushikilia mishahara chini. Utavipata kwa kuwa na gari moshi la kutegemewa, umeme usiokatika, na mafundi waliofundishwa. Tena chama cha wafanya kazi kiwe mezani kabla mkataba haujatiwa sahihi, si baada ya watu kufukuzwa kazi.

Ninasema mji mdogo bila haya. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, mji wa Kisumu ulikuwa na watu 397,957, na Nairobi 4,397,073. Nairobi ni Kisumu mara kumi na moja. Mwenye duka hupata wanunuzi wengi zaidi huko, na mwenye kiwanda hupata benki, mawakili na wakubwa wa Serikali katika mitaa michache. Basi sisi tukitaka tajiri aache hayo yote aje huku Ziwani, lazima tuwe na kitu ambacho Nairobi haina, au tukifanye vizuri kuliko Nairobi.

KISUMU ILIZALIWA NA RELI

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ukingo wa Ziwa mwezi wa Desemba 1901. Mahali pale paliitwa Port Florence, na ndipo palipokuwa Kisumu tunayoijua. Mzigo wa Uganda ulivuka Ziwa kwa meli, ukapakiwa katika mabehewa, ukateremka Pwani. Kwa kuwa mzigo ulipita hapa, kazi nazo zikakaa hapa: makuli, makarani, madereva, na mafundi wa meli.

Wazee wetu waliofanya kazi bandarini walijua kazi kubwa. Meli ya Victoria, iliyoanza safari mwaka 1961, ililetwa kutoka Scotland vipande vipande, ikapanda kutoka Mombasa kwa reli, ikaunganishwa hapa Kisumu. Katikati ya miaka ya 1960 zikafuata Umoja na Uhuru, meli za kubeba mabehewa yenyewe yakiwa na mzigo wake ndani. Pembeni mwa njia ya reli kulikuwa na sukari: Miwani tangu miaka ya 1920, kisha Muhoroni mwaka 1966 na Chemelil mwaka 1968. Mjini kukawa na kiwanda cha nguo cha KICOMI, kilichotumia pamba. Mtu aliweza kutoka kijijini asubuhi akapata kazi mjini, naye akarudi kuzika na kuoa bila kuomba nauli ya siku mbili.

Kisha mambo yakaharibika. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na reli moja ikagawanywa mara tatu. Mzigo wa Ziwani ukapungua. Katika miaka ya 1990 milango ya biashara ilifunguliwa kwa ghafula, nguo za mitumba na nguo za ng'ambo zikajaa sokoni, na KICOMI ikafungwa. Viwanda vya sukari vikalemewa na madeni na usimamizi mbaya. Miwani iliwekwa chini ya mfilisi mwaka 2001. Reli yenyewe ilikodishwa kwa kampuni ya Rift Valley Railways mwaka 2006, na mkataba ule ukavunjwa mwaka 2017. Katika miaka hiyo ya taabu magari ya barabarani ndiyo yaliyochukua mzigo.

Sasa angalieni vizuri, ndugu zangu. Katika sababu zote hizi hakuna hata moja isemayo ya kwamba mfanya kazi wa Kisumu alilipwa mno. Viwanda havikufa kwa sababu ya mshahara. Vilikufa kwa sababu soko lilikatwa, njia iliharibika, na mali iliendeshwa vibaya. Basi daktari anayetaka kutuponya kwa kupunguza mshahara anatibu mguu wakati kinachouma ni kichwa.

DAWA YA MSAMAHA WA KODI

Dawa inayopendwa sana na wakubwa ni kusamehe kodi. Tusiikatae kabla ya kuitazama. Mwaka 1990 ilipitishwa sheria ya maeneo ya kutengeneza bidhaa za kuuza ng'ambo. Tajiri aliyeingia humo alipewa miaka 10 bila kodi ya mapato, na miaka 10 iliyofuata alipe asilimia 25. Mwaka 2015 ikaja sheria nyingine ya maeneo maalum ya kiuchumi: asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza, kisha asilimia 15 kwa miaka 10 mingine. Wakati huo kampuni ya kawaida ilitozwa asilimia 30.

Sheria ya kwanza ilileta kazi. Marekani ilipofungua soko lake kwa nguo za Afrika mwaka 2000, viwanda vya kushona viliongezeka, na maelfu ya watu, wengi wao akina mama, walipata mshahara. Hilo ni jema na lazima tuliseme. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2005 ule mpango wa dunia wa kugawia kila nchi kiasi cha nguo za kuuza ulikwisha. Nchi kubwa za Asia zikapata nafasi ya kuuza bila kipimo. Baadhi ya viwanda vilivyokuwa kwetu vilifungwa, na maelfu wakapoteza kazi. Cherehani ni kitu chepesi. Hufunguliwa misumari, hutiwa sandukuni, na meli huichukua. Tajiri aliyekuja kwa sababu ya msamaha tu, siku akipata msamaha mkubwa zaidi kwingine, huenda huko. Wewe hubaki na kitambulisho cha kazi na deni la dukani.

Sasa tazameni mfano wa pili, ulio hapa hapa kwetu. Mimi nililelewa misheni na sina haja ya kusifu pombe. Ninakitaja kiwanda tu. Kiwanda cha bia cha Kisumu kilikuwa kimefungwa miaka mingi, kikarudi kufanya kazi mwaka 2019 baada ya kutiwa shilingi bilioni 15. Kilirudi kutengeneza bia ya mtama, na mtama hulimwa na wakulima wetu. Bia ile ilipewa nafuu ya kodi na Serikali. Lakini nafuu ile ilikuwa na sharti: bia itengenezwe kwa mazao yanayolimwa hapa nchini. Mwaka 2013 nafuu ilipopunguzwa, mauzo yalianguka na wakulima wakakosa wa kumwuzia mtama. Mwaka 2015 nafuu iliporudishwa, kazi ikaanza tena.

Hapo tunajifunza mambo mawili. La kwanza, nafuu yenye sharti huzaa kazi nje ya kiwanda pia, shambani na barabarani. La pili, kodi inayobadilika kila mara humwogopesha mwenye mali kuliko kodi kubwa anayoijua. Kwa hiyo mimi sikatai nafuu. Ninakataa nafuu isiyo na sharti.

KITU AMBACHO HAKITIWI SANDUKUNI

Ziwa halitiwi sandukuni. Wala reli, wala bandari, wala ujuzi ulio mikononi mwa watu wa mahali. Kiwanda kilichokuja kwa ajili ya vitu hivi hakina pa kukimbilia. Sisi wa reli tunalijua jambo moja ambalo wakubwa wengi hawalijui, nalo nitalieleza.

Behewa likipanda kutoka Mombasa limejaa, kisha likateremka tupu, mwenye mzigo wa kupanda ndiye anayelipia safari zote mbili. Injini hula mafuta kwenda na kurudi, na dereva hulipwa kwenda na kurudi. Ndiyo sababu nauli ya mzigo huwa kubwa, na nauli ikiwa kubwa kiwanda hakiji, na kiwanda kisipokuja behewa huzidi kurudi tupu. Ni kamba inayojifunga yenyewe. Lakini kiwanda kimoja kikubwa kikijaza mabehewa ya kuteremka, nauli huweza kupungua kwa wote, hata kwa yule fundi mdogo anayeleta bati kutoka Mombasa. Serikali ikitaka kumsaidia tajiri, basi nauli nafuu kwa mzigo wa kuteremka ni msaada bora kuliko kumsamehe kodi. Nauli humfaidi anayetengeneza kitu kweli. Msamaha wa kodi humfaidi hata aliyejenga ukuta na lango tu.

Iko kazi iliyokwisha kufanywa. Njia ya zamani ya kutoka Nakuru ilitengenezwa, na mwezi wa Desemba 2021 gari la abiria la Nairobi lilirudi Kisumu. Bandari ilikarabatiwa. Meli ya Uhuru, iliyokaa bure miaka mingi, ilirudi kazini mwaka 2019 ikipeleka mabehewa ya mafuta Port Bell kule Uganda. Kampuni ya Serikali ya Kenya Shipyards imejenga hapa Kisumu meli nyingine, Uhuru II. Hii ni habari kubwa kuliko hotuba kumi. Mji unaojenga meli una mafundi wa kuchomelea chuma, wa umeme, wa mashine na wa rangi, na mafundi hao ndio wanaomvuta mwenye kiwanda kingine.

Lakini iko kasoro. Reli mpya ya njia pana ilifika Suswa mwaka 2019, na yetu ni ile ya zamani ya mita moja. Mzigo ukibadilisha njia lazima uhamishwe kutoka behewa hadi behewa, na kila kuhamisha ni siku na shilingi. Ahadi ya kuifikisha njia pana Kisumu imesemwa miaka mingi. Hata hivyo tusikae tukingoja ahadi na huku njia tuliyo nayo ikiota majani. Mwenye kiwanda hahitaji gari la kupendeza. Anahitaji kujua ya kwamba mzigo aliopakia Jumatatu utafika siku ile ile aliyoambiwa.

Umeme ni vivyo hivyo. Mitambo ya maji ya Sondu Miriu, ya megawati 60, ilianza kazi mwaka 2008, nayo iko jirani na sisi. Lakini umeme wake huingia katika nyaya za nchi nzima, na kuwa jirani na mtambo hakumzuii mtu kukaa gizani. Umeme ukikatika saa moja, tanuri hupoa, samaki huharibika katika barafu, na vijana wenye mashine za hesabu hupoteza kazi ya siku. Tukimwuliza mwenye karakana anataka nini kwanza, msamaha wa kodi au umeme, mtasikia jibu lake.

VIJANA NA KAMPUNI ZAO CHANGA

Wako wanachama wanaodhani kiwanda ni bomba la moshi na king'ora tu. Siku hizi vijana wanne wenye kompyuta na chumba kimoja huanzisha kampuni. Wengine hutengeneza programu za simu, wengine majiko, wengine mitambo ya kukausha samaki kwa jua, wengine husaga chakula cha kuku. Kazi ya pesa za simu ilianza hapa Kenya mwaka 2007, na leo hata mama wa sokoni huitumia. Tusiwadharau vijana hawa. Anayeajiri wawili leo huenda akaajiri 20 kesho, naye ni mtoto wa hapa, haendi kufunga sanduku.

Ni nini kinachowaua? Si ukosefu wa akili. Kwanza ni kodi ya nyumba. Pili ni deni lisilolipwa. Tangu mwaka 2013 Serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na walemavu. Jambo jema. Lakini kijana akipata zabuni ya kushona viti vya shule, akakopa mbao, akaleta viti, kisha akakaa mwaka mzima bila kulipwa, zabuni ile imemwua. Madeni ya kaunti za Kenya kwa watu waliowauzia vitu yametajwa mara nyingi katika taarifa za Msimamizi wa Bajeti. Kwa hiyo Kaunti yo yote itakayo kampuni changa, kabla ya kujenga jumba jipya na kukata utepe, iwalipe vijana kwa muda wa siku zilizoandikwa. Hiyo haihitaji mgeni kutoka ng'ambo.

Na mafundi watoke wapi? Tuna vyuo vya ufundi mjini, na Chuo cha Reli kina shule yake ya mambo ya meli hapa Kisumu. Kinachokosekana ni mlango kati ya chuo na karakana. Kijana amaliza chuo akiwa ameona mashine katika picha. Tuirudishe kazi ya uanagenzi: kijana afundishwe nusu darasani na nusu karakanani, chini ya fundi mzee, kwa mshahara ulioandikwa.

WANAOSEMA TUKIDAI MNO TAJIRI ATAKIMBIA

Najua jibu la wengine. Watasema: "Ninyi watu wa chama mkifungua mdomo, tajiri atakwenda Uganda." Nitawajibu kwa utaratibu.

Kwanza, sheria yetu ya mishahara ya chini imeiweka Kisumu katika safu moja na Nairobi na Mombasa. Kwa hiyo Kisumu haiwezi kuishinda Nairobi kwa mshahara mdogo isipokuwa kwa kuvunja sheria. Na mji unaowavuta wavunja sheria utapata wavunja sheria.

Pili, mfanya kazi ndiye mnunuzi. Mshahara wa kiwandani Ijumaa ni unga, samaki na karo Jumamosi. Mshahara ukiwa duni, duka la jirani nalo huwa duni.

Tatu, haki hizi si maneno ya chama tu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, imempa kila mfanya kazi haki ya mshahara wa haki, ya kuingia chama na ya kugoma. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mfanya kazi wa mwezi. Na sheria ya mahusiano ya kazi ya mwaka huo huo yamtaka tajiri akikubali chama kilicho na zaidi ya nusu ya wafanya kazi wanaoweza kujiunga nacho. Tunaomba yafuatwe tu.

Lakini na sisi tuambiane kweli. Tajiri akikuta mzigo umefunguliwa njiani na magunia yamepungua, hatatuandikia barua. Atanyamaza aende zake. Tukifika kazini saa mbili badala ya saa moja, tunaifunga karakana kwa mikono yetu. Na fundi mzee anayeficha ujuzi wake ili kijana asimpite, anauzika mji pamoja naye. Ukidai masharti mezani, uwe na kazi safi ya kuonyesha.

MASHARTI MATANO

Naleta shauri hili mbele ya tawi. Chama kiombe ya kwamba ardhi ya umma au nafuu yo yote isitolewe kwa kiwanda mpaka mambo haya matano yaandikwe katika karatasi inayoweza kusomwa na kila mtu:

1. Idadi ya kazi zitakazotolewa, na muda wa kuzitoa. Kazi zisipopatikana, nafuu irudishwe na ardhi irudi kwa umma.

2. Ni wangapi wataandikwa kwa mwezi, na ni wangapi watakuwa vibarua.

3. Ni wanagenzi wangapi wa hapa watakaofundishwa kila mwaka, na kwa kazi gani.

4. Ni mali gani itakayonunuliwa kwa wakulima, wavuvi na mafundi wetu, nao walipwe kwa siku ngapi.

5. Tajiri akitaka kufunga, ataarifu chama mapema, na atalipa haki zote kabla mashine hazijatoka langoni.

Upande wa Serikali nao uandike ahadi zake: gari la mzigo lenye saa zake, nauli nafuu kwa mzigo wa kuteremka, umeme, maji, na malipo kwa wakati. Tajiri mwenye nia njema hataogopa karatasi hii. Ataipenda, kwa sababu nayo inamlinda. Yule atakayeiogopa, ni heri tumjue mapema kabla hajapewa ekari.

Ndugu wanachama, mji wetu una Ziwa, una reli, una bandari na una watu wanaojua kazi. Mwenye vitu hivi hatembei akiomba. Katika mkutano ujao wa tawi nawaomba mlete maoni yenu juu ya masharti haya: lipi liongezwe, lipi lipunguzwe. Tukikubaliana, Katibu ayapeleke kwa Kaunti yakiwa na sahihi zetu. Haba na haba hujaza kibaba, na sahihi zetu zikiwa nyingi hawataweza kusema hawakuziona.

Wenu katika kazi,

Mfanya kazi wa Reli, Kisumu